Mshika Nguo

Mama alikubali kupasuliwa kwa sharti moja: mimi ndiye nishike nguo zake, na nisilale. Daktari wa Mbarara alidhani mama anaogopa wezi, akamtuliza kwamba nguo za wagonjwa hutiwa kwenye mfuko na hazipotei. Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi kumweleza mtu mwenye foleni mlangoni kwamba mama yangu haogopi kisu hata kidogo, anaogopa kugeuka chatu bila mtu wa kumsubiri ukingoni?

Hapa hakuna foleni, basi nitaeleza.

Kwetu ni milimani, upande wa Kivu ya Kusini, mahali ambapo ukisimama nyuma ya nyumba unaliona ziwa lote. Nyumbani kwetu hadithi za watu wanaogeuka wanyama zilikuwa na utaratibu wake, na sijawahi kujua kama majirani nao waliufuata. Mhusika akifika ukingoni, akavua nguo ili aingie kwenye ngozi nyingine, msimulizi naye huvua kikwembe chake cha kujitanda, yaani kitenge, na kumkabidhi mmoja wa wasikilizaji. Huyo ndiye mshika nguo. Anakiweka mapajani mpaka mhusika atoke majini. Kisiguse chini, na yeye asisinzie. Mhusika akitoka, mshika nguo humuuliza, "Weye ni nani?" na lazima mtu huyo ataje jina lake kabla ya kupewa nguo. Asipolikumbuka anarudi majini, na sisi watoto tunakwenda kulala tukiwa na moyo mzito.

Hadithi kubwa ya mama ilikuwa ya mwanamke chatu. Mwanamke huyo aliingia ziwani kila alipochoshwa na watu, akameza swala mzima aliyekuja kunywa, kisha akalala. Usingizi wa chatu ni mrefu. Ndani ya usingizi huo aliota anaolewa, anazaa, anazika, anagombana na wakwe, mambo yote ya maisha, huku ukingoni dada yake amekaa na nguo mapajani akimsubiri. Kilichotuvuruga ni mwisho wake. Siku nyingine mwanamke alitoka majini mzee, ana mvi mpaka kwenye nyusi, na dada yake bado ni kigoli. Siku nyingine alitoka mbichi, ngozi inang'aa, akamkuta dada yake ndiye bibi kizee. Tulipomuuliza mama ni nani hasa anayezeeka, yule anayeota au yule anayesubiri, alitufukuza tukafunge mbuzi.

Tulipokimbia na kufika Uganda, tukapokewa Kabazana, kwenye kile kituo ambamo wakimbizi wapya husubiri mpaka wapewe kiwanja. Watoto walikuwa wanalia ndani ya ukumbi ule mkubwa, na mama, bila kuombwa, akaanza hadithi ya chatu. Akatafuta mshika nguo. Watoto wote walikuwa wageni kwake, hakumwamini hata mmoja, akanitupia kikwembe mimi, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni. Niliona aibu. Halafu kipaza sauti kikaanza kuita majina, watu wakatawanyika, na mwanamke wa hadithi akabaki majini. Mama hakumtoa kesho yake wala keshokutwa. Alisema hawezi kumtoa mtu majini fasi, yaani mahali, ambayo hajui kama atalala hapo. Kwa hiyo nilisimama kwenye foleni ya chakula nikiwa na kikwembe cha mama begani, nikifika kwenye mkeka nampokeza, nikiamka ananirudishia. Alimtoa chatu siku tulipoonyeshwa kiwanja chetu katika kijiji cha Kashojwa, katikati ya majani, kabla hata hatujachimba shimo la nguzo ya kwanza. Alitaja jina la mwanamke yule kwa sauti kubwa, mwanamume mmoja aliyepita na baiskeli akadhani ameitwa mkewe.

Nimeyasimulia haya ili ijulikane kwamba kwa mama jambo hili halikuwa mchezo, ingawa aliweza kulifanyia mzaha. Mchungaji alipomtembelea na kumkuta katikati ya hadithi, chatu aligeuka kambale papo hapo, maana nyoka kanisani kwetu ana sifa mbaya. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho akampongeza.

Mimi nimekuwa mwandishi wa vitabu vya maajabu kwa sababu ya mama, na hilo nalisema bila kona. Viumbe vyangu hugeuka. Mtu anapasuka mabega, mbawa zinachomoza, aya moja imekwisha na yuko hewani. Vijana wanaosoma kazi zangu Kashojwa hupenda sana sehemu hizo. Lakini nilipovuka hamsini mwili wangu mwenyewe ulianza kugeuka, na haukufanya kwa aya moja. Joto lilinipanda shingoni kanisani katikati ya sala, magoti yakaanza kutoa sauti, usingizi ukanikimbia, na nilipobahatika kuupata uliniletea ndoto ndefu zenye watu waliokufa wakinidai chumvi. Nilirudi kwenye sura nilizoandika nikaziona za mtu asiyejua anachokisema. Kitabu nilichokuwa nacho mkononi, kilichojengwa juu ya mwanamke chatu, kikakwama pale anapotoka majini. Sikujua nimtoe na umri gani.

Wakati huohuo rovu la mama likaanza kumkaba.

Uvimbe ule wa shingoni alikuwa nao tangu ujana, wanawake wengi wa milimani kwetu wanao, na aliuvalia shanga. Mwaka huu uliingia kwa ndani. Akawa hawezi kulala chali, analala ameegemea ukuta, na nikimsikiliza kutoka chumba cha pili pumzi yake ilipiga mluzi. Nilikuwa nausikiliza mluzi ule nikiomba usikome. Ulipokoma, niliinuka nikaenda kumtazama. Kituo cha afya cha Kashojwa walimtazama wakasema hili ni la Mbarara, tena mapema, kwa sababu njia ya hewa imebanwa na siku moja itafunga. Walisema hivyo mbele yake. Mama alishika shingo akacheka.

"Nilimeza swala," alisema. "Sasa amekatala kushuka."

Nilimsihi wiki nzima. Nilifikiri anaogopa kukatwa shingo, nikamletea mama mmoja Mrundi wa jirani aliyewahi kupasuliwa ili amwonyeshe kovu. Lilikuwa kovu jembamba tu. Mama alilipapasa, akausifu mshono wake, kisha akamuuliza yule mama kama aliota chochote alipolalishwa. Yule mama akasema hapana, hakuota kitu, alifumba na kufumbua, katikati hamna hata giza. Nilitamani kumziba mdomo. Mama aliniangalia kwa namna ya mtu aliyeshinda kesi.

Jioni, tukichambua maharage, alinieleza mwenyewe, kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "njo" yake ni "ndiyo" na "batu" ni "watu".

"Operasiyo sikatai. Ile kulalishwa njo niko nakataa. Kama batu banakulalisha bila ndoto, utajua aje fasi ya kurudilia?"

Mimi mtu wa vitabu, niliyesoma mpaka nikafundisha, nilitafuta jibu la kitabibu na nikakuta kichwa kimejaa chatu. Ndipo nikasema nitamshikia nguo. Yalinitoka tu. Mama aliacha maharage.

"Wewe?" akasema. "Mushika nguo njo anazeekaka. Kama analala, anazeeka yeye."

Nilikuwa nimelisubiri jibu hilo tangu utotoni, na nilikuwa nimelisubiri kwa ajili ya kitabu changu, lakini lilipokuja halikunifurahisha. Nilimwambia sitalala. Akasema tutaona, akaendelea na maharage, na asubuhi nikamkuta amefungasha beseni, shuka na sabuni.

Gari la wagonjwa lilitushusha Mbarara mchana wa jua kali. Usiku uliotangulia upasuaji nilikuwa kwenye mkeka chini ya kitanda chake, kama jamaa wote wa wagonjwa wa wodi ile, na sikupata hata lepe la usingizi kwa kuusikiliza mluzi. Kwa hiyo nilianza zamu yangu nikiwa tayari nimechoka, na hilo ndilo nililoliogopa kuliko kitu kingine. Nesi alikuja na gauni la kijani. Alikuwa mama wa Kinyankore, kabila la wenyeji wa huko, mnene, mwenye haraka ya upole.

"Nyabo, toa nguo yote," alimwambia mama, akimwita bibi kwa lugha yao. "Huko ndani hapana ingia na nguo ya nyumbani. Huyu iko mtoto yako? Yeye atachunga."

Mama alivua taratibu. Shanga, blauzi, sketi, na mwisho kikwembe, kile kile cha Kabazana, cha kijani chenye maua ya njano yaliyopauka mpaka yanafanana na madoa ya mafuta. Hakukitia kwenye mfuko. Alikikunja, akakiweka mikononi mwangu, akakibonyeza mara moja. Akiwa na gauni lile fupi, miguu nje, alionekana mdogo mno, na nikajua kwamba naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa njiani wakati tunakimbia. Njiani yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Walimsukuma wakaingia naye. Mlango ulikuwa na kioo kilichopakwa rangi.

Nilikaa kwenye benchi la korido, kikwembe mapajani, mgongo wima. Nilijisomea sala. Nilijisomea majina ya vijiji vya Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi, kwa kuzunguka, kisha masoko, nikafika mpaka Rugaaga, nikarudi. Nilijibana mkono. Watu walipita na chupa za mkojo, na chai, na mzee mmoja akiburuta kandambili moja tu. Kila mlango ulipofunguka nilisimama, kila mara alikuwa mtu mwingine. Nilianza kuwaza ninavyowaza siku zote, yaani kwa mpangilio mbaya: nitamsafirisha vipi kurudi, nitamzika Kashojwa au nitaomba wapi, nani atawapigia waliobaki milimani. Halafu nikajikemea. Halafu nikaanza upya. Jua liliingia kwenye dirisha la mwisho wa korido likanikuta magotini, na kikwembe kilikuwa na harufu ya moshi wa nyumbani.

Nilijiona Kabazana, ukumbini. Mikeka imetandikwa mpaka mlangoni na watu wote wamelala, hakuna anayekoroma. Mama peke yake yuko macho. Ananisuka. Ananivuta nywele kwa nguvu kama zamani, na kila anapomaliza msuko anauangusha mbele yangu nikauona, mweupe. Nikamwambia, hizo si zangu. Akasema, kaa tuli.

Niliposhtuka kikwembe kilikuwa sakafuni, na alama ya kiatu cha mtu juu ya maua.

Nilikiokota nikakikung'uta kama nilivyoweza. Najua jinsi linavyoonekana jambo hili likiandikwa. Mtu mzima amesinzia hospitalini, basi. Lakini nilishindwa hata kukikunja, na nilikuwa nasema kwa sauti, samahani mama, samahani, mpaka mwanamke wa benchi la pili akanisogelea akanipa pole, akidhani nimefiwa.

Hakufa. Daktari mwenyewe alitoka kuniambia kwamba limetoka lote, pumzi ni safi. Nilimshika mkono nikasahau kuuachia. Nilipoingizwa wodini nilisikia kwanza kimya. Mluzi haukuwapo. Mama amelala chali, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, bandeji shingoni, uso umevimba kidogo. Nilimfunika kikwembe miguuni nikasubiri.

Alipofumbua macho alinitazama usoni. Nilitaka kumuuliza lile swali la mshika nguo, kumfurahisha. Akaniwahi yeye.

"Yaya," aliita, kwa sauti iliyokwaruza. "Umezeeka. Ulilala?"

Yaya alikuwa dada yake mkubwa. Ndiye aliyekuwa mshika nguo utotoni mwao, wakati msimulizi alikuwa mama yao. Alikufa huko milimani kabla hatujatoka, na umri aliokufa nao ndio nilio nao mimi sasa. Watu wote husema tumefanana, hasa mdomo.

Nilimwambia mimi ni mtoto wake. Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni anayejisifu. Akasema mtoto wake ni kijana, ana mtoto mgongoni, yuko kwenye foleni ya chakula, na akaniomba nikamwite. Nesi yule wa upole alikuja, akamtikisa bega, akamuuliza yuko wapi. Mama akasema, Kabazana.

Daktari alinieleza kwamba wazee huchanganyikiwa baada ya dawa ya usingizi, na wengi hurudi baada ya siku chache. Nilishika neno wengi nikaligeuza na kuligeuza. Kwa nini hakusema wote? Nilijua si kosa la kikwembe. Nilijua pia kilianguka. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu bila kugombana, na hata leo sijayatenganisha.

Kweli alianza kurudi, kipande kwa kipande. Kwanza ilirudi njaa. Ikarudi Mbarara, akauliza kwa nini uji wa huku hauna chumvi. Tuliporudi Kashojwa alimtambua jirani Mrundi, akalinganisha kovu la jirani na lake mwenyewe, akasema lake mwenyewe limeshonwa vizuri zaidi. Alimtambua mchungaji. Alijua jembe liko wapi, na kwamba mpini wake si ule alioacha. Wajukuu aliwaita wote bila kukosea. Mimi tu ndiye niliyebaki Yaya. Asubuhi wakati mwingine alisita, akaniita "weye". Kufikia mchana nilikuwa Yaya tena, na aliniuliza kama nilimwona mtoto wake kule foleni. Nilikuwa najibu kwamba anakuja.

Sitaki kujifanya shujaa. Nilichukia. Nilimchukia marehemu mama mkubwa kwa kukaa kwenye uso wangu. Nilisimama mbele ya kioo cha dirisha nikajitazama mdomo. Presha ilinipanda mpaka kituo cha afya wakanipa vidonge na kuniambia nilale mchana, na mchana ndio muda ambao mama alinihitaji zaidi. Kitabu sikukigusa. Kila nilipokifungua nilimkuta mwanamke chatu pale pale, maji kiunoni, ananisubiri nimpe umri.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa napepeta mchele uani, kizunguzungu kikanishika, nikakaa chini na ungo ukamwagika. Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Aliinuka akaja, akautazama mchele wote ule chini, na sikutarajia kitu. Akaniinua kwa kwapa, yeye mwenye shingo ya mshono, akanipeleka kitandani kwake. Akafungua fundo la kitenge changu kiunoni, akakivuta, nikabaki na gauni la ndani kama mtoto. Alikikunja, akarudi kigodani, akakiweka mapajani.

"Lala," alisema. "Miye niko nashika. Sitalala."

Nililala. Sikuota chochote, na sijui nilikwenda wapi.

Nilipofumbua macho mwanga ulikuwa umegeuka wa njano, na kuku walikuwa wanaumaliza mchele. Mama hakuwa amewafukuza. Hakuwa ameondoka kigodani hata kidogo. Alikuwa amekaa wima, kitenge changu mapajani, viganja vyote viwili juu yake, macho wazi mekundu. Nilikaa kitandani nikamtazama. Aliona nimeamka, akakaza uso.

"Weye ni nani?"

Sikujua ananiuliza kama mshika nguo, au kama mama ambaye bado hanijui. Kama ni la pili, nikisema ni mtoto wake atanitazama tena kwa ile adabu yake, na sikuwa na nguvu ya kutazamwa hivyo tena. Nilifikiria kusema mimi ni Yaya, yaishe. Kisha nikataja jina langu, lote, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa darasani.

Mama aliinuka, magoti yake yakilia kama yangu, akaja mpaka kitandani. Akakikung'uta kitenge ingawa hakikuwa kimegusa chini, akanizungushia mabegani.

"Ninajua," alisema. "Ile jina ni miye nilikupa. Vaa, baridi iko nakuya."